Blauzi Iliyokataa Kupita Kichwani

Mpaka leo nikipiga pasi karatasi ya kaki, ile harufu yake ya vumbi na ubao mkavu hunirudisha mtaani kwetu Shika Adabu, kwenye sakafu ya chumba cha mbele, nikiwa darasa la sita, magoti yamejaa alama za mkeka. Karatasi ilikuwa ya kujalidia vitabu vya shule. Mimi niliinyoosha ili nichore juu yake vigezo, yaani vile vipande vya kufuatisha mtu anapokata nguo. Nilivitoa kwenye gazeti la ushonaji ambalo Mama alilipata kwenye mitumba. Maelezo yake yalikuwa kwa lugha ambayo nyumbani hakuna aliyeijua, basi nilisoma michoro na namba.

Nguo ilikuwa ya Bibi, mama yake baba. Tangu apate kiharusi, mkono wake wa kushoto haukuinuka kupita kifua, na kila asubuhi Mama alimvisha moja ya magauni yake ya pamba yenye mikono myembamba. Nyumba nzima tuliisikia kazi hiyo.

"Polepole! Mimi si gunia!"

"Samahani, mama."

"Samahani, samahani. Kila siku samahani."

Kabla ya kiharusi, hawa wawili walikuwa wakichagua mchele pamoja huku wakicheka mpaka machozi. Sasa hawakuzungumza ila kwa lazima, na Mama alikuwa akitoka chumbani amekunja uso, akienda moja kwa moja jikoni. Nililipima jambo hili nikaamua kwamba kosa ni la kitambaa. Pamba haivutiki. Nikimshonea Bibi blauzi ya kitambaa cha fulana, mkono utapita bila maumivu, na wao watapatana.

Mama alinipa kipande kimoja tu, cheupe, chenye mawaridi mekundu. Kilitosha bila kubaki. Ila nilipopanga vigezo kama kwenye mchoro, mawaridi yalilala ubavu. Sasa, mimi nimekulia kwenye leso, hizi kanga zenye maandishi, na kwetu mwanamke akijifunga leso maandishi yakiwa kichwa chini, ataambiwa kabla hajafika barabarani. Sikuweza kumvisha Bibi maua yaliyolala. Kila kigezo kilikuwa na mshale wenye ncha mbili ambao sikujua unasema nini. Nikaupuuza, nikageuza vigezo mpaka maua yakasimama wima, nikakata.

Nilishona kwa siku tatu, kila nikitoka madrasa. Ijumaa Bibi akaketi kitandani, Mama akamshika, mimi nikamvisha. Blauzi ilifika kwenye paji la uso ikagoma. Nilivuta. Ilirefuka kwenda chini, lakini shingo haikupanuka hata kidogo. Ndipo nilipoelewa kuwa kitambaa kile kilivutika upande mmoja tu, na mshale ulikuwa ukinionyesha upande huo.

"We mtoto," sauti ya Bibi ikatoka ndani ya nguo, "wallahi wanizika ningali hai?"

Tulimtoa. Akaipima blauzi kwa mkono wake mzima. "Yarefuka kama mchana wa Ramadhani. Kupanuka, haitaki."

Mama akacheka, na Bibi akacheka kwa kumsikia Mama. Mimi nililia.

"Nyamaza. N'letea mkasi," Bibi aliniambia. "Pasua hapa mbele, toka shingoni hata chini. Kisha utie vifungo. Vikubwa."

"Bibi, maua yatakatika!"

"Nayakatike. Nani atayanusa?"

Nilipasua, nikakunja kingo, nikatia vifungo sita vya koti kuukuu. Asubuhi iliyofuata Mama alipoingia kumvisha, alikuta mlango umefungwa. Alisimama pale, mikono imening'inia, kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Tulisubiri sana. Hatimaye Bibi akatoka, amevaa mwenyewe, jasho usoni, na vifungo vyote vimekosea tundu moja. Upande mmoja wa blauzi ulining'inia chini ya mwingine.

Nikafungua mdomo. Mama akanifinya.

"Mashallah, mama," akasema. "Umependeza."

Bibi alishinda hivyo siku nzima, ameketi barazani akijibu salamu za wapita njia. Jioni alimwita Mama wachague mchele. Mimi niliona raha kwamba maumivu yamepungua, na nikashangaa jinsi Mama, mtu mwangalifu vile, alivyoshindwa kuona vifungo.

Mwaka jana nilivunjika kifundo cha mkono. Binti yangu alikuwa akinivisha kila asubuhi, kwa upole, bila kuniumiza hata mara moja, nami siku ya nne nikamkaripia mpaka akatoka chumbani. Niliketi nusu uchi kitandani nikitafuta alichonikosea, nikakosa. Kumbe kilichomuuma Bibi hakikuwa mkono. Na Mama aliviona vile vifungo, aliviona kabla yangu, akakaa navyo kutwa nzima bila kunyoosha mkono kuvirekebisha.