Bwawa Juu ya Kitanda cha Mama

Mama mkwe wangu alishona nguo maisha yake yote, na sifa yake kubwa ilikuwa viraka. Ulimpelekea suruali iliyochanika gotini, akakurudishia ikiwa nzima mpaka ukaanza kubisha kwamba si yako. Mtaani walimwita Mama Kiraka, naye akalipenda jina hilo. Miguu yake ilipogoma tulimleta kwetu, tukampa chumba cha chini, kitanda kikiegemea ukuta, cherehani dirishani ingawa hakuweza tena kuiendesha.

Juu ya chumba hicho ndipo mume wangu alipojenga bwawa lake.

Nisimseme sana. Kiwanda cha mikate alichofanyia kazi kilifungwa, naye akanyamaza. Alikula kwa kusukumwa, akajibu kwa kichwa. Siku rafiki yake alipomletea samaki wawili wekundu kwenye ndoo, aliuliza wanakula nini. Nilikuwa sijamsikia akiuliza kitu tangu kiwanda kifungwe. Nikafurahi, mjinga mimi. Ndoo ikawa tangi la kioo, tangi likazaa matangi mengine, kisha akapandisha matofali juu, akajenga bwawa katikati ya chumba, akalipiga saruji, akafunga pampu na taa. Jioni alitusimulia mezani samaki gani kamfukuza mwenzake, na mama yake alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilicheka nusunusu, huku naangalia dari.

Ufa ulianzia kwenye kona ya dari, ukateremka ukutani hadi karibu na mto wa mama. Ulikuwa mwembamba kama uzi.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni mwashi. Nikamwita. Alipanda juu, akashuka akijikuna kichwa.

"Kaka, maji ni mazito. Sakafu ile ilijengwa kubeba kitanda na kabati, basi."

"Nyumba ya zamani hii, haikosi nyufa," mume wangu akasema.

"Haya, tusibishane." Shemeji akakoroga unga mweupe wa jasi, akabandika kipande chembamba kuvuka ufa, pale pale usawa wa mto, kisha akanigeukia. "Shemeji, jasi haina uvumilivu. Ukuta ukisogea hata kidogo, hii inakatika. Ikikatika, mnamtoa mama kwanza, mnamwaga maji, ndipo mnanipigia simu. Isipokatika, mwacheni kaka na samaki wake."

Tukakubaliana hivyo, na mimi na usingizi tukaachana. Nikiwa jikoni nilisikia pampu ikinguruma juu, nikawaza ndoo zote zile alizopandisha, na chini yake mtu asiyeweza kukimbia. Kifuniko cha sufuria kikianguka, nilikimbilia chumbani kwa mama. Kila asubuhi niliingia kwa mama, salamu mdomoni, macho ukutani.

"Shikamoo mama. Umeamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Sijambo kabisa. Na ukuta nao haujambo."

Kweli, jasi ilikuwa nzima, nyeupe pe. Shemeji alichungulia kutoka mlangoni, akaridhika. Mume wangu akanitania, "Wewe ungezaliwa samaki ungeogopa maji." Wakacheka wote. Nikaanza kujiona mwoga wa bure.

Kilichonigutua ni dawa ya meno. Mama alibakiwa na meno manne, tena yasiyokutana, lakini kila nikienda dukani aliniagiza dawa ya meno. Iwe nyeupe, alisisitiza, isiyo na mistari. Nikadhani ni uzee tu. Mpaka asubuhi moja, nikiwa nimepiga magoti kati ya kitanda na ukuta nabadilisha shuka, nikasikia harufu ya mnanaa. Ilitoka ukutani.

Niligusa jasi kwa kucha. Ikabonyea. Nikaipangusa kwa shuka, na chini yake jasi yenyewe ilikuwa imekatika vipande viwili. Ufa ulimeza ncha ya kidole changu.

"Mama!"

Hakujitetea. Alinitazama kama fundi ambaye kiraka chake kimegunduliwa.

"Usimwambie mumeo. Ndiyo kwanza ameanza kucheka."

"Bwawa lingekuangukia!"

"Mimi nimekula chumvi ya kutosha. Yeye bado."

Nilimshika makwapani nikamkokota hadi sebuleni, huku akilalamika kwamba kitanda nimekiacha bila kutandika. Kisha nikapanda ngazi, nikikanyaga taratibu, maana sasa nilikuwa naongeza uzito wangu juu ya sakafu ile ile. Nikang'oa kizibo cha bwawa.

Mume wangu alikuwa akilisha samaki. "Una wazimu?"

"Shuka ukanuse ukuta wa mama yako."

Alishuka. Sikumsikia akirudi. Nilipomfuata nilimkuta amesimama chini ya dari ile, ananusa kidole chenye dawa ya meno, analia kwa sauti. Nikamvuta nje kwa ukosi wa shati.

Shemeji aliweka nguzo, akaziba ufa. Siku hizi bwawa liko chini, kando ya kitanda cha mama, na chumba cha juu ni kitupu. Mume wangu bado anacheka. Watu wanadhani hofu imenitoka, lakini yule bibi ananitisha kuliko ukuta ulivyowahi kunitisha. Kila asubuhi huniambia hajambo kabisa. Namwitikia, kisha nainama ukutani, nanusa.