Flashi Kwenye Begi Lilelile

Juzi nilikuwa kwa fundi kompyuta hapa Musoma, nikisubiri chaja yangu, mama mmoja akaingia. Wezi walikuwa wamevunja nyumba yake kule Kamunyonge wakaondoka na begi la kompyuta. Hakuwa akiililia kompyuta. Alikuwa akiililia sauti ya marehemu mumewe, iliyorekodiwa siku alipokuwa akiwasimulia wajukuu hadithi.

"Fundi, hukubaki nayo hata kidogo?"

"Mama, si nilikutolea kopi, nikakuwekea kwenye flashi?"

"Uliniwekea."

"Sasa flashi iko wapi?"

Mama akajishika shavu. "Nilikuwa naiwekaga kwenye mfuko wa begi la kompyuta. Isipotee."

Fundi akainama, bisibisi mkononi. Hakuna aliyecheka.

Kwa ng'ombe, sisi watu wa Mara hatudanganyiki. Wawili tunamwachia rafiki kule Bugwema, watatu shemeji kule Butiama, ili ugonjwa ukiingia zizi moja, zizi lingine lisalimike. Lakini sauti za watu wetu tunazirundika kwenye begi moja, tunafunga zipu, tunalala usingizi.

Nadhani mama naye aliwaza hivyohivyo, maana alipofika mlangoni aligeuka.

"Ng'ombe wa marehemu kule Bugwema bado wapo," alisema taratibu. "Akienda kuwaona alikuwaga anawaita, wanakuja mbio. Wale hata leo wakiisikia sauti yake wataijua. Mimi nimeanza kuisahau."