Chupa ya Kabatini

Mvinyo ule niliuonja ukiwa mzima mara moja tu. Mtaliano mmoja alikuja kununua kahawa yetu hapa Mbozi, na siku ya kuaga akafungua sanduku la barafu pale kiwandani, akatoa chupa mbili za mvinyo mweupe wa kwao. Tulikuwa tumemkaangia perege wa Ziwa Rukwa, chumvi na limau tu. Jamani! Ulikuwa wa baridi, wenye ukali kidogo kama embe bichi, halafu mwepesi, na ukishameza, samaki anakuwa mtamu upya. Karani wetu alinitafsiria maelekezo ya yule bwana: samaki, kuku asiye na viungo vingi, karanga za chumvi, sawa. Nyama choma yenye mafuta, hapana. Chupa ya pili akanipa mimi, akasema niinywe mapema na mke wangu.

Mapema! Mimi nikaiweka kabatini.

Kabati letu la vioo linatazama dirisha la magharibi, jua la jioni linaingia lote. Chupa ikakaa katikati, kati ya picha yetu ya ndoa na vikombe ambavyo havijawahi kutiwa chai. Hakuna mgeni aliyetoka bila kuoneshwa. Mke wangu ndiye aliyekuwa anaifuta vumbi. Tukipata samaki wazuri ananiuliza, "Baba, leo tuionje na sisi? Umeisifu mno hiyo kitu." Nami namjibu kwa ukali, "Hebu niache, mama. Hiyo ina siku yake." Miaka ikaenda, naye hakuchoka kuuliza, wala mimi sikuchoka kufoka.

Siku yake ikafika mwaka huu, binti yetu alipokuja kuposwa. Wakwe ni watu wa Tunduma, wenye malori yanayovuka Zambia mpaka Kongo. Nilijua wametuzidi, na hilo liliniuma. Nikajisemea, leo hawatuoni washamba. Mke wangu akakaanga perege wa limau kama nilivyomwagiza, mimi nikaizika chupa kwenye ndoo ya barafu.

Kifungulio hatukuwa nacho. Nikasukuma kizibo kwa mpini wa mwiko, kikavunjikavunjika, vipande vikaelea ndani. Sikujali. Nikasimama, nikatoa hotuba ndefu, Italia nikaitaja mpaka binti yangu akakohoa. Kisha nikamimina.

Ulitoka na rangi ya chai iliyolala. Kumbe chupa ya kijani ilikuwa imeficha mambo muda wote huo. Harufu ya siki ikajaa sebuleni. Baba wa kijana akaonja, akafumba jicho moja, akarudisha glasi mezani taratibu. Shangazi yao hakujizuia. "Mh! Hii si ya kutia kwenye kachumbari?"

Wakacheka. Kijana mwenyewe akacheka, binti yangu akainamisha kichwa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na hotuba yangu.

Mke wangu alikuwa anaingia na sinia la samaki. Alinitazama, akatazama zile glasi, akaelewa. Akaweka sinia, akachukua glasi yangu, akamega samaki, akala, akanywa. Akanywa yote. Uso wake haukukunjamana hata kidogo.

"Mvinyo wa wenzetu ndivyo ulivyo," akawaambia. "Kuleni na samaki, mtauzoea."

"Ikiwa mama amemaliza, mimi ni nani?" akasema baba wa kijana, akapiga funda, akatikisa kichwa. Safari hii kicheko kilikuwa cha watu wa nyumba moja. Soda zikaletwa, mazungumzo yakaendelea, binti akaposwa.

Walipoondoka nilimfuata mke wangu uani, akiosha vyombo. Nilisimama pale kama mtoto aliyevunja chungu.

"Mama, ahsante."

Hakuinua macho. "Hivi baba, ule uliokunywa kule kiwandani, nao ulikuwa hivi hivi?"

Ulimi wangu ukakumbuka wenyewe: ile baridi, lile limau, yule samaki. Mke wangu anasuuza glasi, anasubiri jibu.

"Hivi hivi," nikasema.

"Basi," akasema, "kumbe sijakosa kitu."