Ndugu Yasinta wa Masjala

Kwa miaka sita Yasinta alifanya kazi masjala, katika ofisi moja ya serikali huko Mtumba, akipokea barua, kuzipa namba na kuzipeleka kwa wenyewe. Miaka yote hiyo alikuwa "dada Yasinta", na hilo "dada" lilimbana kama kiatu cha kuazima. Hakujiona mwanamke. Wala hakujiona mwanamume, ingawa waliotazama suruali zake na nywele fupi walidhani ndicho alichokitaka. Kiswahili kilimfaa nusu njia: ukimsema hayupo, unasema "yeye", yamekwisha. Ukimwita uso kwa uso ndipo unapomchagulia upande.

Mwezi wa Februari alijikaza, akamwendea mkuu wake, Charles.

"Naomba mniite Ndugu. Ndugu Yasinta, inatosha."

Charles alicheka bila ubaya. "Ndugu ni la kwenye barua na mikutano. Unagombea?"

"Hapana. Ndilo linalonikaa."

"Haya, Ndugu."

Wiki nzima alitembea mwepesi. Kisha likageuka mzaha, madereva wakawa wanampigia saluti mlangoni, "Ndugu mjumbe!" Akavumilia. Afadhali mzaha huo kuliko heshima ile ya zamani.

Kosa lake lilikuwa kumweleza Antonia, aliyekula naye chakula cha mchana kila siku. Alimweleza yote, taratibu. Antonia akamshika mkono, akasema, "Nimekuelewa." Jumapili akalitaja jina la Yasinta kwenye kikundi chake cha maombi, na sababu yake, ili aombewe afunguliwe. Mmoja wao alikuwa mtu wa Chemba, nyumbani kwao Yasinta. Wiki haikuisha kabla habari haijamfikia mama yake Yasinta.

"Nilikuwa nakusaidia," Antonia alisema alipoulizwa.

"Ulisema umenielewa."

"Nimekuelewa. Ndiyo maana."

Tangu hapo kila mmoja alikula kivyake. Charles naye, habari zilipomfikia, alirudi kwenye "dada", safari hii bila kucheka.

Pasaka Yasinta alikwenda kwao. Mama yake, Ruthu, ni Msandawe. Watoto wanne aliwalea kwa lugha yake ya vidoko, sauti zile za kugonga ulimi, Kiswahili akakiacha cha sokoni na cha wageni. Katika Kisandawe hata "yeye" ni maneno mawili, la mwanamke na la mwanamume, sharti uchague. Yasinta alimkuta uani akipepeta uwele, akamsalimu kwa lugha ya nyumbani.

Mama aliweka ungo chini. "Marahaba," alijibu kwa Kiswahili. "Umesafiri salama?"

Yasinta akamwuliza, kwa Kisandawe, kama mguu bado unamsumbua.

"Mguu umepona. Kaa, kuna chai."

Hakumtukana wala kumfukuza. Siku tatu alimpikia na kumtandikia, na alimsemesha kwa Kiswahili cha polepole kama anayejibu karani wa sensa. Jirani alipouliza kwa Kisandawe mgeni ni nani, mama alijibu kwa Kiswahili, "Mtoto wangu."

Asubuhi ya kuondoka Yasinta alishindwa kunyamaza. "Mama, mbona huongei na mimi?"

"Si naongea? Umeikataa namna ninavyojua kukutaja. Hiki Kiswahili hakichagui. Kitumie."

Walisimama kando ya barabara. Yasinta alimwambia neno la Kisandawe ambalo watoto wa kule huwaambia mama zao wanapoagana, akalirudia. Ruthu alikuwa akitazama vumbi linakotokea.

"Basi lako hilo," alisema.