Paneli Tatu za Piyaya

Mama mmoja, afisa mifugo mstaafu, aliniletea karavani kuukuu, kile chumba cha magurudumu kinachovutwa na gari, karakanani kwangu Karatu. Alitaka ivutwe hadi Piyaya, kijiji cha wafugaji, akae humo na jokofu la chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Betri mbili zilikuwamo tayari. Kazi yangu ilikuwa kutafuta paneli za sola zinazoendana nazo, pamoja na kontrola, kile kifaa kinachoongoza umeme wa jua usiiue betri.

Nilichukua paneli tatu, nikaziunganisha moja baada ya nyingine ili volti zijumlishwe. Nilipima juani saa saba mchana, nikapata sitini na sita. Kontrola ilivumilia sabini na tano, nikaona inatosha. Chuoni nilifundishwa kwamba baridi hupandisha volti za paneli. Siku ile sikulikumbuka hilo, au nililikumbuka nikalipuuza. Hadi leo sina hakika.

Wiki ya tatu baada ya kuhamia Piyaya, mama alipanda kilima kutafuta mtandao, akanipigia. Asubuhi moja ya baridi kali, jua lilipochomoza tu, taa ya kontrola ilizimika. Alidhani ni mawingu. Kesho yake jokofu likawa vuguvugu.

Nilifika baada ya siku mbili, nikakuta kontrola inanuka kuungua. Nje wafugaji walikuwa wameleta ng'ombe, wengine wametembea kutwa nzima. Mama aliwaeleza kwa Kimaasai kwamba dawa imeharibika. Mimi hakunitaja. Nilimvuta pembeni nikakiri kosa ni langu, nikamweleza hesabu yote.

“Nimekusikia, fundi,” alisema. “Lakini wao wakirudi nyumbani waseme nini?”

Hawakugomba. Waliswaga mifugo yao wakaondoka. Mwanamke mmoja alirudi kuuliza kama hata ndama wake wawili wasingepata kidogo. Mama akatikisa kichwa.

Nilifunga kontrola nyingine, paneli nikaziunganisha sambamba ili volti zisipande. Jokofu likapoa siku hiyohiyo. Chanjo nyingine ilichelewa miezi mingi, na homa ikawa imeshaingia mazizini. Chanjo ilipofika, mama aliketi mlangoni siku nne. Hakuja mtu.

Alinipigia tena.

“Umeme unatosha,” alisema. “Njoo uichukue karavani.”

Ipo nyuma ya karakana. Kila nikipima, betri zimejaa. Sijapata la kuzifanyia.