Mignonne na kamba wa rangi ya tope

Saa mbili na robo asubuhi, Mignonne Nabintu ameketi kwenye kigoda kando ya dirisha la karakana ndogo huko Koekelberg, nchini Ubelgiji. Juu ya meza yake umepita waya, na kwenye waya huo wananing'inia samaki kumi na mmoja wa mbao, kila mmoja mrefu kama kidole cha shahada.

Anachovya brashi nyembamba katika rangi nyeusi, anazuia pumzi, kisha anaweka nukta moja katikati ya duara la manjano la samaki mwingine aliye mkononi mwake. Samaki anapata jicho.

"Nikikosea hapa, bon, muntu anaweza kununua," anasema bila kuinua kichwa. "Lakini samaki haitaikamata."

Mignonne, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, mama wa watoto watatu, hupaka rangi vyambo vya bandia. Hivi ni visamaki vya mti mwepesi vinavyofungwa ndoana na kuvutwa majini, ili samaki mkubwa adhani ameona mlo. Kimoja humchukua karibu siku nzima, kwa kuwa kila tabaka la rangi lazima likauke kabla ya jingine.

Juma hili anakabiliwa na uamuzi ambao hajawahi kuufanya. Duka moja la mkoani Ontario, nchini Kanada, limeomba vyambo vitatu vya kujaribia besi wa mdomo mdogo, samaki wa rangi ya shaba anayependwa na wavuvi wa huko kwa jinsi anavyopigana akinaswa. Vyambo hivyo vitapelekwa posta Ijumaa. Kati ya kumi na mmoja walio kwenye waya, ni Mignonne atakayechagua.

Kama hakuna hata kimoja kitakachofaa, karakana itafungwa mwisho wa Juni hii ya mwaka 2013.

Mwenye karakana ni Jean-Pierre, Mbelgiji mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, ambaye amechonga vyambo tangu ujana wake. Kisu bado hukiongoza kwa vidole, lakini macho yake hayaoni tena nukta za magamba. Wateja wake wa zamani wamepungua, na kodi ya nyumba haijapungua.

"Nikichagua mimi, nitachagua kwa kumbukumbu," anaeleza kwa Kifaransa, huku akifuta vumbi la mbao kwenye mashavu. "Yeye ndiye anayeona. Basi achague yeye."

Mignonne alizaliwa Kalehe, kando ya Ziwa Kivu, ambako mama yake alikausha na kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa fedha. Vita vilimwondoa huko. Mwaka 2004 alishuka kwenye treni kwenye stesheni ya Gare du Midi akiwa na mtoto mgongoni na mfuko mmoja wa nguo. Miaka mitatu baadaye aliajiriwa na Jean-Pierre kufagia karakana.

Siku moja ya mwaka 2010 Jean-Pierre alimkuta akikamilisha mkia ambao yeye mwenyewe alikuwa ameshindwa kuumaliza. Hakumkemea. Alimletea brashi nyingine.

Leo anafanya kazi hapo siku tatu kwa juma na kupata euro 640 kwa mwezi. Siku mbili zilizobaki husafisha nyumba ya wazee kule Uccle. Ukimwuliza kazi yake ni ipi, hutaja ile ya rangi kwanza.

Hata hivyo, mwanzo wake haukuwa mwema. Visamaki vyake vya kwanza vilikuwa vizuri mno, lakini wateja walivirudisha wakilalamika kwamba havikamati kitu. Jean-Pierre alivitazama kwa kioo cha kukuzia, akacheka hadi akaketi.

"Maman Mignonne," alimwambia, "samaki wako wote wamekufa!"

Ilikuwa kweli. Alikuwa amewapaka macho meupe yaliyozama, na ubavu usio na mng'ao, kama sambaza aliyelala siku mbili juani.

"Mi nilikuwa najua samaki ya kukauka tu," anakumbuka, naye anacheka. "Tangu utoto yangu, ile yenye kuogelea, sikuiangaliaka. Nilikuwa naangalia ile ya ku soko."

Aliyemsaidia kuwatazama walio hai ni Gaudens Rwezaura, Mtanzania wa Bukoba, dereva anayeishi Uccle na ambaye huvua kila Jumamosi kwenye mfereji mkubwa unaopita jijini. Ndiye mjaribu wa vyambo vya karakana, na malipo yake ni chambo kimoja kwa mwezi na utani usiokwisha.

Mwezi uliopita Mignonne alimkabidhi kamba wa mtoni wa mbao aliyempaka rangi nyekundu ya kung'aa. Gaudens alimgeuza huku na huku.

"Dada Mignonne, huyu ameshaiva. Amebakiza ndimu na pilipili."

"We Gaudens! Ulitaka nimupake namna gani? Mi namuonaka ku sahani!"

"Samaki hawali kwenye sahani, dada. Watu wa Kivu mna shida."

"Na ninyi ba Bukoba muko na kelele. Alors, nionyeshe ile yenye iko hai."

Jumamosi iliyofuata alimwonyesha. Alimtega kamba mmoja kwenye ukingo wa mfereji, akamtia kwenye ndoo. Mignonne alichuchumaa mbele ya ndoo hiyo karibu nusu saa, sketi yake ikiloa, wapita njia wakimshangaa.

Kamba alikuwa na rangi ya tope, mwenye rangi ya machungwa kidogo tu chini ya makucha. Mignonne alipoyagusa maji, kamba alifyatuka kinyumenyume, mkia mbele, kichwa nyuma.

Siku ya Jumatatu alimfuta kamba wake mwekundu kwa msasa na kuanza upya. Macho aliyahamishia upande wa nyuma, ili chambo kikivutwa kionekane kama kamba anayekimbia. Alipomaliza, kilifanana na kipande cha kuni kilichosahauliwa mvuani.

Kwenye waya uleule ananing'inia pia kisamaki kingine, cha bluu na fedha, ambacho Mignonne anakipenda kuliko vyote. Kilimchukua siku mbili. Kila gamba lina kivuli chake, na rangi yake, asema, ni ya Ziwa Kivu saa sita mchana. Wanawe walimsihi asikiuze.

Jumamosi mbili mfululizo Gaudens alivijaribu vyote kumi na moja. Cha bluu kilipigwa picha na wavuvi watatu. Samaki walikipita. Kamba wa rangi ya tope alishambuliwa mara nne.

Jambo lingekwisha hapo, kama si kwamba maji ya mfereji ni ya kahawia, na ya mto wa Ontario, kwa mujibu wa barua ya duka, ni maangavu hadi mawe ya chini huonekana.

"Peleka cha bluu, dada," Gaudens anamshauri siku ya Alhamisi, akiwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. "Kwenye maji maangavu kitaonekana kama taa. Na mwenye duka atakipenda kabla hata ya kukilowesha."

"Mwenye duka hakamatwi na ndoana, Gaudens."

"Lakini ndiye anayelipa."

Mignonne anavishusha vyambo kimoja kimoja na kuvipanga kwenye kitambaa. Anachagua kisamaki cha kijani kibichi chenye mistari. Anachagua kile cha rangi ya chura kinachoelea juu ya maji. Mkono wake unasimama katikati ya kamba na kisamaki cha bluu.

"Wakati tulikuwa nakimbia vita," anasema polepole, "hakuna muntu alivaa kitambaa ya kung'aa. Mama yangu alitupaka majivu ku nguo. Mwenye anaogopa kuliwa, anajificha. Donc, ile samaki kubwa inajua kutafuta mwenye kujificha."

Anamchukua kamba. Cha bluu anakirudisha kwenye waya, anakigeuza kitazame ukutani.

Gaudens anavua kofia. "Haya, Mama Kivu. Umenifunga mdomo."

Majuma matano yalipita bila barua. Katika muda huo Jean-Pierre alianza kupanga zana zake ndani ya makasha, na Mignonne aliomba kuongezewa saa kule kwenye nyumba ya wazee. Hakuna kati yao aliyetaja Kanada.

Siku nne kabla ya Juni kwisha, mwandishi wa makala hii aliporudi Koekelberg, kifurushi kilikuwa kimefika asubuhi hiyohiyo. Ndani yake mlikuwa na kamba peke yake. Vanishi ilikuwa imekwaruzwa pande zote mbili, ukucha mmoja umemeguka, na tumbo lake limebaki mbao tupu mahali ambapo vinywa vya samaki vilikuwa vimemsugua.

Barua ilikuwa fupi. Duka lilieleza kwamba vile viwili vingine vilikamata samaki wachache, na kwamba huyu walilazimika kumrudisha ili waonyeshe alivyotendwa. Walitaka wenzake mia nne kabla ya majira ya kuchipua.

Mignonne alipitisha kidole juu ya mikwaruzo ile, akaisoma barua mara mbili. Kisha akafunika uso kwa aproni. Jean-Pierre alimwacha alie. Alipomaliza, mzee alifungua kasha la juu, akatoa visu vyake viwili na kuweka kimoja mbele ya Mignonne.

"Mia nne siwezi kuchonga peke yangu," alisema. "Na sitakuwepo milele."

Sasa Mignonne anafika karakanani saa nzima kabla ya muda wake. Amekwisha kuharibu vipande kumi na tisa vya mti, na kidole gumba cha kushoto kina plasta mbili. Lengo lake ni kwamba, kufikia Desemba, nusu ya kamba wa Ontario wawe wametoka mikononi mwake tangu mwanzo hadi mwisho.

"Kupaka rangi, nimeshajua," anasema, akiinua kipande ambacho bado hakina kichwa wala mkia. "Sasa mi nataka samaki aanzie kwangu, tangu akiwa bado ni muti tu."