Kikombe cha Mpiga Lulanga

Cyriaque alikuwa na miaka kumi na tisa alipoitwa kupiga lulanga, lile zeze la ubao lenye nyuzi nane, kwa mwami, mtawala wa kilima chao huko Bushi. Alikaa pale miaka kumi na mmoja, akatunga nyimbo ishirini na tatu. Nyingi zilikuwa fupi: za kusifu ng'ombe, mvua, na mara moja jino la mwami lililong'oka bila maumivu. Wapigaji wawili walikuwa mbele yake. Yeye aliketi wa tatu mkekani, ameridhika.

Vita vikamwondoa, zeze likabaki. Mwaka 2003 alifika Birmingham na mkewe Denise na binti yao Fortunée, wakapewa nyumba Nechells. Alipata kazi ghalani, ya kufunga maboksi ya vigae, na wenzake wakapenda miluzi yake.

Mwaka 2008 Fortunée alichumbiwa. Cyriaque akachonga zeze kwa mbao za ghalani, akalitia waya za breki za baiskeli, akatunga wimbo wa ishirini na nne, wa binti yake.

"Mimi ulinioa bila wimbo," Denise akamwambia.

"Wewe ningekaa kutunga, ungeniponyoka."

Ukumbi wa harusi, kule Aston, ulikuwa wao hadi saa kumi na mbili jioni. Ilipofika kumi na moja na nusu, Arsène, mshereheshaji, alimwita Cyriaque apige. Cyriaque akaketi, zeze mapajani, kimya.

"Papa Cyriaque, waya zimelala?"

Watu wakacheka. Arsène akangoja, akangoja, kisha akanyoosha mkono kuwasha spika.

Denise akamwinamia bibi harusi. "Papa yako haiko mgonjwa. Kwa mwami, mpiga lulanga haanzi mpaka mwenye karamu amuletee kikombe. Leo mwenye karamu ni nani?"

"Mama! Si angesema?"

"Aombe kikombe, yeye? Afazali afe."

Fortunée akakusanya gauni lake, akavuka ukumbi na glasi ya Fanta, akapiga goti na kuitoa kwa mikono miwili.

"Papa, kunywa."

Akanywa yote, akafuta mdomo, akaanza.

Mwenye funguo alikuja saa kumi na mbili kamili. Alisimama mlangoni, funguo mkononi, hakuzitikisa. Ubeti wa saba, ambao ndio wa mwisho, uliisha saa kumi na mbili na dakika nne.